Safari ya Delhi: jeraha dogo, amana kubwa

Kusini mwa jiji la Delhi, nchini India, baina ya barabara kuu iendayo Mathura na ukingo wa mto Yamuna, vipo vitongoji ambavyo familia nyingi za Afrika Mashariki huvijua kabla ya kuijua Jama Masjid au Ngome Nyekundu. Majina yake ni Jasola, Sarita Vihar, Okhla na Jamia Nagar. Zimesongamana hapo nyumba za wageni za ghorofa nne na tano, maduka ya dawa, wabadilisha fedha, na mikahawa yenye vibao vya Kiarabu kwa ajili ya wagonjwa watokao Iraq, Yemen na Sudan. Kiswahili nacho husikika. Mtu husimama kununua kadi ya simu akasikia nyuma yake, "Mama, chukua na maji," akageuka, na salamu zikaanza: umetoka wapi, unauguza nani, mna siku ngapi hapa. Wengi wa wanaofika huko wamebeba faili la vipimo mkononi na michango ya ndugu na majirani mfukoni.

Sisi tulifika huko mwezi Januari tukiwa watu watano: mzee mmoja wa msikiti wetu, mkewe, mwanawe wa kiume, binti yake mwenye umri wa miaka 26, nasi tuliotumwa na kamati kuisindikiza familia na kusimamia fedha zilizochangwa. Majina yao hatutayataja, na haya tunayoyaandika tunayaandika kwa ridhaa yao.

Mzee wetu alikuwa na ugonjwa wa ini kusinyaa, ulioletwa na homa ya ini aina ya B aliyokaa nayo miaka mingi pasipo kujua. Tunalisema hili wazi kwa sababu ya minong'ono. Katika jamii yetu, mtu akisikiwa anaumwa ini, wapo wanaoukimbilia ulevi kuwa ndiyo sababu. Mzee huyu hakupata kuonja kileo. Virusi vya homa ya ini aina ya B hupita kwa damu na majimaji ya mwili, na aghalabu hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hukaa kimya miaka ishirini au thelathini, huku makovu yakilijaza ini taratibu, mpaka siku tumbo linapojaa maji na macho yanapogeuka manjano. Hapo dawa huwa zimebaki za kupunguza mwendo tu. Tiba inayobaki ni kupata ini jingine.

Upandikizaji wa figo umekwisha kufanyika nyumbani, Muhimbili tangu mwaka 2017 na baadaye katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kwa upande wa ini, familia nyingi bado huvuka bahari.

Mtaa wa wagonjwa

Januari ni mwezi wa ukungu mjini Delhi. Asubuhi jua halionekani mpaka karibu na saa nne, na hewa ina harufu ya moshi wa kuni zinazochomwa na walinzi getini wakiota moto. Mzee wetu, aliyezoea joto la pwani, alitembea akiwa amevikwa mablanketi mawili, na binti yake nyuma akimshikia kiko cha mkono. Bajaji za kijani na manjano zilitupeleka hospitali na kuturudisha, na tulistaajabu kidogo kuona chombo tunachokiita kwa jina la kiwanda cha huko kikiwa nyumbani kwao kweli.

Mambo mengi yalikuwa ya kufahamika. Duka ni neno lao, chapati ni chakula chao, na katika Kiurdu dawa ni dawa na dua ni dua. Waislamu wa Okhla na Jamia Nagar wengi wao hufuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, nasi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii. Siku ya kwanza tulifika msikitini kwa ajili ya Alasiri tukakuta safu hazijapangwa, tukangoja karibu saa nzima, kwa kuwa wao huiswali baadaye kuliko sisi. Tulipoitikia "Amin" kwa sauti baada ya Fatiha ya Magharibi, vijana wawili walitugeukia baada ya salamu wakitabasamu, wakatuuliza kama tunatoka Afrika au Indonesia. Ijumaa moja tulikwenda kuswali katika Jama Masjid ya Shah Jahan, iliyokamilika mwaka 1656, tukapanda ngazi zake za mawe mekundu. Tuliporudi tulipita Nizamuddin, mahali ambapo ndugu wengi wa Tabligh kutoka kwetu wanapajua kuliko sehemu nyingine yoyote ya India.

Mwenye nyumba tuliyopanga, mzee wa Kiislamu, alipoelezwa shida iliyotuleta alitikisa kichwa, akamtazama mgonjwa kisha binti yake, akasema kwa Kiurdu neno ambalo mwanawe alitufasiria. Kwao ini huitwa jigar, na mtoto mpendwa huitwa kipande cha jigar. Waarabu nao humwita mtoto kipande cha ini. Nasi Waswahili, neno likimwumiza mtu hadi ndani, tunasema limemkata maini. Lugha zote tatu ziliweka upendo na uchungu katika kiungo hiki kabla madaktari hawajajifunza kukigawa.

Nani atatoa?

Allah ameliumba ini kwa namna ya peke yake. Mtu akikatwa sehemu yake, ile inayobaki hukua, na kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu ujazo wake hukaribia ule wa mwanzo. Umbo la zamani halirudi, lakini kazi hurudi. Kwa sababu hiyo mtu aliye hai anaweza kugawana ini na mwenziwe. Mtoto mdogo hutosheka na kipande kidogo cha upande wa kushoto. Mtu mzima aghalabu huhitaji upande wa kulia, ambao ni takriban asilimia 60 ya ini zima, na madaktari hawakubali kumwacha mtoaji na chini ya asilimia 30.

Elimu hii si ya kale. Mwaka 1989 mjini Brisbane, Australia, mama mmoja Mjapani alimpa mwanawe kipande cha ini na mtoto akaishi. Mwaka huohuo mjini Chicago mama mwingine alimpa bintiye. Mwaka 1996 madaktari wa Hong Kong walithubutu kumpa mtu mzima upande mkubwa wa kulia kutoka kwa mtu mzima mwenziwe. Delhi nayo iliingia katika orodha mwaka 1998, katika Hospitali ya Indraprastha Apollo iliyoko Sarita Vihar, pale mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili alipopewa kipande na baba yake. Mtoto yule alikua, akasoma, akawa daktari. Habari hiyo husimuliwa sana katika kumbi za kungojea za mtaa ule, na mama wa familia yetu aliomba asimuliwe mara mbili.

Kwa mzee wetu, mwanawe mkubwa alipimwa tukiwa bado nyumbani, akaonekana naye ana homa ya ini aina ya B. Huyo hakuweza kutoa, na sasa anatibiwa. Wa pili ndiye tuliyesafiri naye, kwa kuwa kundi lake la damu lilikubaliana na la baba yake. Delhi walimpiga picha za ini wakakuta limejaa mafuta. Walieleza kwamba ini la namna hiyo ni hatari kwa anayetoa na kwa anayepokea, na kwamba kulipunguza mafuta kwa mazoezi na chakula kungehitaji miezi. Mzee hakuwa na miezi.

Basi macho yakamgeukia binti, aliyekuja kumhudumia baba yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Nipimeni mimi." Alifanyiwa vipimo vya damu, moyo na mapafu, kipimo cha ujauzito, picha za mishipa ya ini na za mirija ya nyongo. Baada ya siku nne jibu likatoka: anafaa.

Mlango uliofungwa

Hapa tuliona jambo ambalo tungependa kila familia ilijue. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo inakataza kuuza na kununua kiungo, na inataka kila utoaji unaomhusu mgeni upitishwe na kamati maalumu. Mgeni huleta uthibitisho wa ubalozi wa nchi yake kwamba mtoaji na mpokeaji ni ndugu kweli. Tulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, picha za familia za miaka mingi, na barua. Wajumbe waliuliza maswali mmoja baada ya mwingine, mazungumzo yakirekodiwa kwa kamera. Kanuni zinataka uangalifu wa ziada pale mtoaji anapokuwa mwanamke, ili ihakikishwe kuwa ridhaa ni yake mwenyewe. Sababu yake inajulikana: nchini humo wengi wa watoaji walio hai ni wanawake, na wengi wa wapokeaji ni wanaume.

Kabla ya kamati hiyo, hospitali yenyewe ilimwita binti peke yake. Baba, mama, kaka, nasi pia, tuliombwa kutoka, na mlango ukafungwa. Alikaa ndani karibu saa nzima pamoja na daktari wa kike, mshauri wa mambo ya nafsi, na mfasiri ambaye si ndugu. Baadaye alitusimulia alichoambiwa. Aliambiwa kwamba anaweza kukataa wakati wowote, hata asubuhi ya upasuaji, hata akiwa amekwisha kulazwa kitandani. Aliambiwa pia kwamba akikataa, familia haitaelezwa sababu. Wataambiwa tu kwamba hafai kitabibu, na hakuna atakayejua zaidi ya hapo.

Tulilitafakari neno hilo usiku ule. Ni mara ngapi katika jamaa zetu mtoto huulizwa swali mbele ya watu ishirini, wote wakimtazama, kisha ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni ridhaa? Binti anayeulizwa "utamwokoa baba yako?" sebuleni, shangazi zake wakilia, hajaulizwa kitu. Amekwisha kujibiwa.

Na sheria yetu ndivyo isemavyo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah mwezi Februari 1988, liliruhusu kuhamisha kutoka kwa mtu hai kiungo kinachojirudia chenyewe, kwa sharti kwamba mtoaji awe na uwezo kamili wa kisheria na masharti ya kisharia yatimizwe, na likakataza kukifanya kiungo kuwa bidhaa. Mifano iliyotajwa ilikuwa damu na ngozi, na wanazuoni wengi huliingiza ini katika hukumu hiyo. Wapo wanazuoni wakubwa wa bara Hindi, akiwamo marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, walioona vingine, wakishikilia kwamba mwili ni amana na mwanadamu hana mamlaka ya kuutoa. Anayeruhusu na anayekataza wote wanakiri kwamba mwili ni amana. Kwa hiyo anayeruhusiwa kuutoa kwa sehemu hana budi kuutoa kama mtu anayegusa amana: kwa kujua, kwa hiari, na kwa madhara madogo kabisa yanayowezekana.

Sentimita kumi na moja

Madhara madogo kabisa ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya daktari mpasuaji siku tuliyoitwa kumsikiliza. Alichukua karatasi, akachora tumbo, akaonyesha njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Mkato huanza chini ya kidari, hushuka, kisha hukunja kuelekea ubavu wa kulia kama fimbo ya mpira wa magongo. Urefu wake hufika sentimita 25 au 30. Daktari huona kila kitu vizuri, lakini misuli na mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo hukatwa, na mtoaji huweza kuishi miaka na ganzi au maumivu ubavuni, mbali na kovu lenyewe.

Njia ya pili ni ya matundu madogo, kwa kamera na vyombo virefu, na siku hizi kwa roboti. Mjini Riyadh, madaktari wa Hospitali ya King Faisal wamepata sifa duniani kwa kulitoa ini la mtoaji kwa roboti. Kovu huwa dogo na hufichika, lakini njia hiyo inataka mashine za gharama kubwa na mikono iliyofunzwa miaka mingi. Tena, akasema, kipande cha ini hakiwezi kupita kwenye tundu. Lazima pakatwe mahali pa kukitolea kizima bila kukibana, na mkato huo nao hukaribia sentimita kumi.

Njia ya tatu ndiyo aliyoikusudia. Ni upasuaji wa wazi, wa mikono na macho, lakini kwa mkato mdogo. Madaktari wa Japani na Korea Kusini waliieleza kwa upana tangu miaka ya 2000. Mkato hupita wima katikati ya tumbo, kutoka chini ya kidari kuelekea kitovuni, mahali ambapo misuli ya kulia na ya kushoto inakutana. Hapo ni kama mshono wa nguo: ukiufumua, kitambaa chenyewe hakikatwi. Urefu wake ni sentimita 10 hadi 12, kiasi cha kupitisha kipande cha ini na kuruhusu mkono kuingia. Ngozi husogezwa kwa vyuma upande huu na ule, kadiri daktari anavyohama kutoka sehemu moja ya ini kwenda nyingine. Ini lenyewe hutenganishwa pole pole kwa chombo cha mawimbi ya sauti, kinachovunja nyama laini na kuiacha mishipa ya damu ionekane, ili ifungwe mmoja mmoja. Mtu mwembamba kama binti huyu hufaa kwa njia hii. Mwenye kifua kipana na kina kirefu, au mnene sana, huenda asifae.

Mama alisikiliza yote, mwanawe akimfasiria, kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake tangu tulipotoka nyumbani. "Daktari, huyu hajaolewa. Nani atamwoa na kovu la tumbo zima?"

Kabla daktari hajajibu, binti alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mama, mume atakayekimbia kovu la baba yangu, bora akimbie mapema."

Kaka yake hakulifasiri hilo. Daktari alingoja, kisha akajibu swali la mama kwa upole. Alisema atakusudia sentimita 11. Alisema kovu litafifia, na kwamba wanawake waliotoa ini huolewa na kuzaa, ingawa angemshauri asishike mimba kwa muda, karibu mwaka mmoja. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulilainisha. "Siwaahidi sentimita 11. Ninachowaahidi ni kwamba nikiona damu au mshipa nisioufikia vizuri, nitaongeza mkato papo hapo bila kuja kuwauliza. Huyu ndiye pekee katika chumba hiki asiyeumwa. Nikimwumiza yeye kwa sababu ya uzuri wa kovu, nimekosa kila kitu."

Alitaja pia hatari yenyewe kwa hesabu. Watoaji wanaofariki hukadiriwa kuwa kati ya mmoja na watano katika kila 1,000, na upande wa kulia una hatari kuliko wa kushoto. Wengine hupatwa na kuvuja kwa nyongo, usaha, damu kuganda miguuni, au ngiri mahali palipokatwa. Mkato mdogo hupunguza maumivu na humrudisha mtu mapema katika shughuli zake. Haupunguzi ukubwa wa kipande kinachotolewa ndani.

Siku ya upasuaji

Waliingizwa alfajiri, binti kwanza, baba baadaye, katika vyumba viwili vilivyo jirani. Tulikuwa tumekwisha kuswali Alfajiri katika chumba kidogo cha ibada, pamoja na watu wa Iraq waliokuwa wakimngoja kijana wao. Mama alishika tasbihi. Kaka yake binti alitembea ukumbini tangu saa moja hadi saa sita bila kuketi. Yeye ndiye aliyekuja kutoa, na sasa mdogo wake alikuwa ndani badala yake. Tulimwacha atembee.

Mchana, daktari alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani. Alisema kipande kimetoka salama, gramu 640, na binti hakuhitaji kuongezewa damu. Kisha akanyosha vidole kuonyesha kipimo. Palikuwa na mshipa wa ziada nyuma ya ini. Waliuona tangu kwenye picha, lakini ulikaa ndani kuliko walivyodhani, na kipande kisingefaa kwa baba bila mshipa huo. Alikuwa ameongeza mkato kwa sentimita tatu. Sentimita 14.

Tulimtazama mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Alhamdulillah. Angeniongeza kumi, nisingesema kitu."

Baba alitoka usiku, baada ya saa kumi na mbili kamili, akapelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Binti alipozinduka alilalamikia koo kuliko tumbo. Siku ya kwanza aliswali kwa ishara akiwa amelala, siku ya pili ameketi, na siku ya tano amesimama, ingawa rukuu yake ilikuwa fupi. Wauguzi wa kike ndio waliomhudumia na kumbadilishia bendeji, kama tulivyoomba, na ombi hilo lilipokelewa bila ugumu. Siku ya saba aliruhusiwa kurudi kwenye nyumba ya wageni, na maagizo asinyanyue kitu kizito kwa miezi miwili hadi mitatu. Hapo tulijifunza hatari ya jeraha dogo. Alionekana mzima. Wageni Waswahili waliokuja kumjulia hali walimwona anatembea, wakamwambia kwa mzaha kwamba amekwisha pona, amwandalie mama chai. Naye angenyanyuka. Ndani ya mwili wake, theluthi ya ini ilikuwa ikifanya kazi ya ini zima huku ikijikuza usiku na mchana. Alichoka mapema, alilala sana, na siku nyingine alilia bila sababu, jambo ambalo daktari alisema hutokea kwa watoaji wengi. Kovu kubwa lingewanyamazisha watu. Kovu dogo lilihitaji mama asimame mlangoni awaambie.

Baba alikawia. Alipata homa wiki ya pili, akarudishwa chini ya uangalizi, kisha akainuka. Macho yake yaliacha umanjano kabla hajaweza kutembea. Dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini jipya atazimeza maisha yake yote, na za kuzuia virusi pia. Katika nyumba hiyohiyo ya wageni alikuwapo mgonjwa mwingine wa Afrika Mashariki, aliyepewa ini na mdogo wake, ambaye Allah alimchukua siku ya kumi na tisa. Tulimswalia pale pale Delhi. Mdogo wake alisimama safu ya mbele, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo. Hakuna upasuaji wowote, mkubwa wala mdogo, unaomwandaa mtoaji kwa siku kama ile, na baada ya swala ile tuliona kwamba mtu huyo anastahiki taazia mbili.

Kwa familia zetu

Wanaotaka ushauri wetu tunawaambia mambo machache. Pimeni homa ya ini aina ya B, mzee kwa kijana, na msiache watoto wachanga wakose chanjo yake, kwa maana safari nyingi za Delhi zingezuiwa hapo. Msimhukumu mgonjwa wa ini kwa kileo. Mtoaji aulizwe akiwa peke yake, na mtu asiye na maslahi, na jibu lake likiwa la kukataa, lifunikwe kama siri nyingine za Waislamu zinavyofunikwa. Kabla hamjalipa, mwulizeni mpasuaji kuhusu mkato mdogo, ni wangapi amewafanyia, na katika hao ni wangapi alilazimika kuuongeza. Anayesema hakupata kuuongeza hata mara moja, mwulizeni tena. Na kamati za misikiti zinapochangisha, zichangishe kwa watu wawili. Nauli, chakula na mapumziko ya miezi mitatu ya mtoaji ni sehemu ya matibabu, kama ilivyo dawa ya mgonjwa.

Binti amekwisha rudi kazini. Baba yake huja msikitini kwa swala ya Adhuhuri, akiwa amevaa barakoa, na hukaa pembeni kidogo ya safu kama alivyoagizwa. Watu humsalimia na kumwombea dua kwa sauti. Tunaomba katika dua hizo atajwe na yule aliyebaki nyumbani, ambaye hakuwa mgonjwa alipoingia katika chumba cha upasuaji.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awalinde waliotoa, na awarehemu waliotangulia. Amin.